Benchi la Masista

Wasichana wa shule ile hawana subira. Mwalimu mkuu mpya hajakalia kiti, hajaonyeshwa hata choo cha walimu kiko wapi, wao walikwisha kumbandika jina: Mpya. Hawakujisumbua kuliremba. "Mpya anakuja, chomekeeni mashati." "Mpya kapita jikoni, kaonja mchuzi, kakunja uso." Naye alipolisikia jina hilo kupitia dirishani hakukasirika. Alicheka peke yake ofisini, maana aliona wana haki. Shule ile haikuwa imeona kitu kipya tangu mabati ya bweni la pili.

Tuseme ukweli, hata yeye hakuwa mpya kiasi hicho. Alisoma palepale, akalala kwenye vitanda vilevile vya chuma, akapiga deki korido zilezile mpaka magoti yakaota sugu. Lakini wakuu wote waliomtangulia walikuwa masista. Picha zao zilining'inia kwenye ukuta wa ofisi, shela baada ya shela, tangu mwanzilishi mwenye miwani ya duara mpaka Sista Mkuu, huyu wa mwisho, ambaye sasa shirika lilikuwa limemwita akapumzike. Wa kumrithi hakuwapo. Masista wengine wote walikuwa wamezeeka na kurudishwa nyumba ya shirika, au wamelala makaburini nyuma ya bustani. Ndipo Askofu akamteua yeye, mwalimu wa hesabu, mke wa mtu, mama wa watoto. Msumari wa picha yake ulikuwa umekwisha kupigwa ukutani. Dada yake alipouona alisema, "Hii itakuwa picha ya kwanza yenye nywele. Ujitahidi kuzichana."

Huyo ni dada yake wa tumbo moja, mkubwa wake kidogo, naye alisoma hapohapo. Mdomo wake hauna breki. Mshikeni vizuri kichwani, tutamhitaji.

Mpya alikuwa na matumaini yake na hakuyaficha. Alitaka maktaba ifunguliwe Jumamosi kwa watoto wa mitaa ya jirani. Alitaka msichana aulize swali darasani bila kuomba radhi kwanza. Alitaka kabati la maabara, ambalo vifaa vyake vilifungiwa miaka nenda miaka rudi visije vikavunjika, lifunguliwe, na vikivunjika vivunjike mikononi mwa watu wanaojifunza. Zaidi ya yote alitaka watu waache kuitazama shule kama masalia ya mtakatifu, kitu cha kubusu na kurudisha kwenye sanduku.

Wazazi nao walitaka jambo moja tu: isibadilike. Kwenye mkutano wa kwanza alisimama baba mmoja, muuza mbao, mtu mwenye kifua kipana na binti wa kidato cha kwanza. "Mimi si mtu wa maneno mengi," akasema, kisha akayasema mengi. Alisema mama yake alisoma hapo, mkewe alisoma hapo. Alisema shule hii haikujulikana kwa majengo, majengo yako kila mahali. Ilijulikana kwa masista. "Sasa masista wanaondoka. Unatuambia shule inabaki. Inabaki na nini, Mwalimu?"

Mpya akajibu kuhusu walimu, vitabu, maabara. Majibu mazuri, yaliyopangwa vizuri. Muuza mbao akayasikiliza yote mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu zake, halafu akasema, "Siku ya makabidhiano tutakuja. Tukiona ni shule yetu, mabinti wanabaki. Tukiona ni kitu kingine chenye bango lilelile, tunaondoka nao siku hiyohiyo, na mabegi yao." Wazazi wengine wakaitikia kwa vichwa. Kila kikao kina mtu mmoja ambaye wengine humwachia aseme, na hapo alikuwa yeye.

Wala hakikuwa kitisho cha bure. Askofu alikuwa amemwita Mpya pembeni na kumweleza bila kupepesa macho. Wanafunzi walikuwa wamepungua. Wakipungua tena, jimbo halina uwezo wa kuibeba shule, majengo yatatafutiwa kazi nyingine. Kwa hiyo mama huyu alilala na kuamka na siku moja kichwani, siku ya makabidhiano. Ikiharibika hiyo, basi, atakuwa mkuu wa kwanza mwenye nywele na wa mwisho pia.

Ndipo ulipoingia ule wimbo.

Shule ilikuwa na wimbo wake, aliutunga mwanzilishi mwenyewe. Ulikuwa na beti tatu, na kila ubeti uliishia na swali. Nani atatushika mkono, njia ikiingia giza? Nani atatuita kwa jina, tukipotea? Nani atatungoja mlangoni, siku tukirudi? Na baada ya kila swali, badala ya kuendelea, wasichana walifumba midomo na kuvumisha tu, mmmm, kwa muda mrefu, sauti ileile ya chini haipandi haishuki, mpaka pumzi ziishe. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Kila kizazi kilijitungia sababu yake. Wengine walisema pale mtu anatakiwa kutubu. Wengine walisema ni ukumbusho wa masista waliokufa. Wa kidato cha pili, ambao duniani hakuna kitu wasichokijua, walisema mwanzilishi aliishiwa maneno.

Mwalimu wa muziki, kijana mpole mwenye vidole virefu, alikuwa na maoni yake. "Mama, naomba nikuambie kitu usikasirike. Wimbo huu haujakaa sawa. Unatambaa chini tu tangu mwanzo. Mwaka jana mgeni mmoja alinivuta pembeni akaniuliza tumefiwa na nani."

"Unashauri nini?"

"Tuupumzishe. Nimetunga mwingine. Una makofi ndani yake."

Mpya alikubali kabla kijana hajamaliza sentensi. Alijiambia ni kwa ajili ya wazazi, siku ile ichangamke. Lakini moyoni palikuwa na kidonda cha zamani, na wimbo ule ndio uliokikwangua. Yeye hajui kuimba. Si kwamba anaimba vibaya kidogo kama wewe na mimi. Hajui kabisa, na ukoo mzima unajua hajui. Alipofika kidato cha kwanza alisimamishwa mstari wa mwisho kikanisani, karibu na masista, kwa sababu ya urefu wake. Akaimba kwa moyo wote, na kiranja wa kwaya akakatisha mazoezi, akaja mpaka kwake, akamwambia mbele ya wote, "Wewe unakwenda kombo. Unaimba kama masista. Kuanzia leo fungua mdomo tu, usitoe sauti."

Kuimba kama masista, hapo shuleni, lilikuwa tusi. Masista walikaa kwenye benchi lao refu nyuma kabisa ya kikanisa, wachache na wazee, na wimbo ukianza nao waliimba wanavyojua wenyewe, juu huko, maneno hayasikiki vizuri, hayafanani na ya wengine. Wasichana waliwasamehe. Uzee una mambo yake.

Na kiranja huyo wa kwaya alikuwa nani? Dada yake. Ndiyo, huyohuyo wa msumari. Tangu siku hiyo Mpya alifungua mdomo bila kutoa sauti mpaka akamaliza shule, na dada akaifanya hadithi ya kuchangamshia kila harusi. Alibakiwa na tabia moja tu. Akisahihisha mitihani huwa anavumisha kitu puani, bila kujua, na wanawe wanakiita wimbo wa alama za chini. Humwomba aache.

Adabu ni adabu, kwa hiyo kabla ya kubadili wimbo alikwenda kumwambia Sista Mkuu.

Alimkuta chumbani kwake anafunga virago. Virago vyenyewe sanduku moja, nalo halijajaa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kama cha askari, na viatu vya pili vimepangwa dirishani vipigwe na jua. Mzee alikuwa mdogo wa mwili, na kifua chake siku hizi kilikuwa kikimsumbua, kila baada ya maneno machache anapumzika.

"Kaa, mwanangu. Siyo hapo, hicho kiti kimevunjika. Nakiweka kwa ajili ya wageni wasiokwisha maneno."

Mpya akakaa kitandani. Akaeleza kuhusu siku ya makabidhiano, wazazi, muuza mbao, mpaka akafika kwenye wimbo. Sista Mkuu alikuwa anakunja soksi. Akaendelea kuzikunja hata zilipokwisha kukunjika.

"Makofi," akasema mwisho.

"Kidogo tu, Sista."

"Shule ni yako sasa. Ukitaka kung'oa mlango, ng'oa. Siwezi kukukabidhi kitu huku nimeshikilia ncha moja." Akapumzika. "Lakini nina ombi. Ule wa zamani waimbe mara moja tu, niusikie. Nami nikae benchi langu."

"Tumekuwekea kiti mbele, Sista. Karibu na Askofu. Chenye mto."

"Mbele sijakaa tangu nifike hapa. Mto mpe Askofu."

Mpya akathubutu kuuliza kitu alichojiuliza tangu utoto. "Kwa nini nyuma? Sisi tulikuwa tukidhani mnawachunga wanaosinzia."

"Hilo nalo lilikuwemo," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Mwanzilishi wetu hakupenda mlezi akae mbele ya watoto. Alisema ukikaa mbele wanakutazama wewe. Ukikaa nyuma wanatazama wanakokwenda." Alionekana kutaka kuongeza neno, akalimeza, akarudi kwenye soksi.

Mpya alitoka pale na roho nzito. Alijua amemuumiza, na hakujua amemuumiza wapi. Jioni alimsimulia dada yake jikoni, wakiosha vyombo. Dada akasema wazee wote hushikamana na vya zamani, asijitie unyonge, na kwamba yeye kama kiranja mstaafu anaunga mkono makofi. Kisha akatega sikio. "Acha kuvuma. Unanikumbusha mazoezi."

Siku yenyewe ikafika. Kikanisa kilijaa mpaka watu wakasimama kwenye milango ya pembeni. Wanafunzi wa zamani walikaa upande mmoja, dada katikati yao na kofia kubwa, amewaziba watu wa safu mbili. Wazazi upande wa pili, na muuza mbao mwisho wa safu, mguu mmoja njiani kama mtu aliyejiandaa kuondoka. Mpya alikaa mbele, mkono wa kushoto wa Askofu. Kiti chenye mto kilikuwa kitupu. Alipogeuka kidogo aliliona benchi lile refu huko nyuma, limeng'aa kwa kukaliwa miaka yote hiyo, na mtu mmoja tu ameketi mwishoni kabisa, kana kwamba bado anawaachia wenzake nafasi.

Misa ikaenda. Hati zikasainiwa, funguo zikatoka mkono huu zikaingia mkono ule, Askofu akasema ya kusema. Kisha wimbo mpya. Wasichana waliuimba vizuri, makofi yakalia pale yalipotakiwa, na mwalimu wa muziki akatokwa jasho la furaha. Ulikuwa wimbo mzuri. Ungeweza kuimbwa shule yoyote, na hapo ndipo palipokuwa na shida yake. Wazazi wakapiga makofi ya heshima. Muuza mbao hakupiga. Alikunja mikono na kumtazama mkewe, na Mpya, ambaye macho yake hayakuwa yametoka kwa mtu yule tangu asubuhi, akauona mtazamo huo.

"Na sasa," akatangaza mwalimu wa muziki, "kwa ombi la Sista Mkuu, ule wa zamani."

Kinanda kikaanza. Wasichana wakashuka kwenye sauti yao ya chini, wakatambaa nayo ubeti mzima kama kawaida, wakafika kwenye swali. Nani atatushika mkono, njia ikiingia giza? Wakafumba midomo. Mmmm.

Na kutoka nyuma, juu ya ule mvumo, ikaja sauti nyembamba ya mzee, imepasuka kingo lakini haikuyumba.

"Nenda, mwanangu, nyuma yako tupo."

Watu wakageuka. Kofia ya dada ikageuka. Wasichana walikuwa wamefundishwa wasiangalie nyuma wakiimba, na leo wote waliangalia, midomo imefumbwa, mvumo unaendelea. Maana ndani ya ule mvumo sauti ya mzee ilikaa kama mguu ndani ya kiatu chake. Hakikuwa tena kilio cha msiba. Ulikuwa wimbo, na ulikuwa mzima.

Mpya alishika ukingo wa kiti. Alikuwa anaujua. Siyo kwamba aliwahi kusikia kitu kinachofanana nao. Alikuwa anaujua wenyewe, kila mpando na kila mshuko. Ulikuwa wimbo wa alama za chini. Ulikuwa ule aliouimba msichana mrefu wa mstari wa mwisho, aliyesimama hatua chache mbele ya benchi la masista na kufuata sauti iliyokuwa karibu na sikio lake, kabla hajaambiwa afungue mdomo tu. Hakuwa amekwenda kombo. Alikuwa ameimba sauti ya kwanza. Walioimba ya pili walikuwa shule nzima, na hawakuwa wakijua kuna ya kwanza. Machozi yakamjia, na hakuyafuta, maana hakujua kama ni ya furaha au ya hasira.

Ubeti wa pili. Nani atatuita kwa jina, tukipotea? Mmmm. Sista Mkuu akaanza, "Nenda, mwanangu, nyuma..." na kifua kikagoma. Akakohoa. Akajaribu tena, kikatoka kikohozi tu. Wasichana wakavumisha, wakangoja, na mvumo ule ambao jana ulikuwa kawaida tu, sasa ulitisha, maana kila mtu mle ndani alikwisha kusikia kinachokosekana. Ukakatika. Mwalimu wa muziki akaingia ubeti wa tatu kwa kuwa hakuna kingine cha kufanya.

Mpya akasimama. Askofu akamtazama. Akashuka kwenye jukwaa, akapita njia ya katikati, viatu vyake vinalia kwenye sakafu, na wengi wakadhani anakwenda kumpelekea mgonjwa maji. Akapita mguu wa muuza mbao, ambaye aliuvuta ndani. Akafika benchini, akakaa, akaushika mkono wa mzee. Ulikuwa wa baridi na mwepesi.

"Sista, ni tupo au nipo?" akanong'ona.

"Tupo," mzee akasema kwa midomo tu.

Nani atatungoja mlangoni, siku tukirudi? Mmmm.

Mwanamke huyu alikuwa na mimbari, alikuwa na hotuba mfukoni iliyopangwa kwa hoja, alikuwa na kila njia ya kujikinga. Na mbele ya wazazi aliohitaji wamwamini, mbele ya Askofu, mbele ya kofia ya dada yake, akafungua mdomo, na safari hii akatoa sauti.

"Nenda, mwanangu, nyuma yako tupo."

Nisikudanganye. Haikuwa sauti ya malaika. Ilikwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, na neno la mwisho lilitaka kumponyoka akalikamata mkiani. Lakini ilikaa mahali pake. Mkono wa mzee ukambana vidole. Na wasichana, kule mbele, hawakuacha kuvumisha pumzi zilipoisha. Walivuta nyingine wakaendelea, wenyewe, bila kuambiwa, kwa hiyo ikabidi arudie, na aliporudia hakuogopa tena.

Baadaye, kwenye baraza la nyuma, dereva akipakia lile sanduku moja, Sista Mkuu alieleza, akipumzika kila sentensi. Mwanzilishi alitunga wimbo wa sauti mbili. Wasichana waulize, masista wajibu kutoka nyuma. Wasichana walifundishwa yao ubaoni. Masista walirithishana yao benchini, na hakuna aliyewaza kuwafundisha watoto jibu, kwa sababu jibu lilikuwa kazi ya walezi. Kisha masista wakawa wachache. Kisha akabaki yeye.

"Kwa nini hukusema?" Mpya akauliza. Alitaka iwe ya upole, ikatoka na uchungu. "Tumeuita wimbo wa msiba. Mimi mwenyewe, niliyeambiwa sijui kuimba, nilitaka kuuzika."

"Niliona haya. Utasimamaje peke yako useme tupo?" Mzee akatazama makaburi nyuma ya bustani. "Nikadhani jibu ni letu, litakwenda nasi. Nikadhani pia kwamba mnasikia mnachokikosa."

"Hatukusikia. Tulidhani ndivyo ulivyo."

"Basi kosa ni letu sote, tuligawane." Akaingia garini, akateremsha kioo. "Nani alikuambia hujui kuimba?"

"Mtu mmoja tu."

"Mtu mmoja anatosha," Sista Mkuu akasema, na gari likaondoka.

Aliporudi ndani alimkuta muuza mbao anamngoja karibu na mlango, binti yake pembeni. Mpya alitazama mikono yake kwanza. Hakuwa ameshika begi.

"Mwalimu, nilikuuliza shule inabaki na nini, ukanitajia maabara."

"Nakumbuka."

"Hukujibu siku ile." Akajikuna shingo. "Sauti yako inahitaji mazoezi, sitakuficha. Huyu anabaki. Na wale wengine walikuwa wananingoja mimi, nimekwisha kuwaambia." Akamsukuma binti kidogo begani, aende kwa wenzake. Kisha akarudi hatua moja. "Hiyo maabara nayo, lakini, uifungue."

Mpya akaahidi. Alipobaki peke yake aliegemea ukuta, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu Askofu amwite pembeni. Kisha akasikia mtu anapenga kamasi.

Dada alikuwa amekaa kwenye benchi la masista, kofia magotini, wanja umemshuka mpaka mashavuni. Kikanisa kilikuwa kitupu. Mwalimu wa muziki alikuwa kwenye kinanda chake, anajifanya hayupo, anatafuta ile sauti ya kwanza kwa kidole kimoja ili Jumatatu walimu wote waanze kufundishwa. Benchi ni refu, kijana alikuwa amekwisha kusema, na shule ina walimu wa kulijaza.

"Miaka yote," dada akasema. "Kwenye harusi zote. Na ulikuwa unaimba sawa."

"Nilikuwa naimba kama masista."

"Usinifanyie hivyo, mdogo wangu. Nimekukosea. Nilikunyamazisha, na mimi ndiye niliyekuwa sisikii." Akafuta shavu, akalichafua zaidi. "Mimi si mwalimu hapa, najua. Lakini Jumatatu nami nije. Nifundishe ile ya kwanza."

Mpya akakaa karibu naye. Alimpenda sana dada yake wakati ule, na alitaka kumwambia hivyo, na angemwambia. Lakini mkuki kwa nguruwe, jamani, na nafasi kama hii haiji mara mbili.

"Njoo," akasema. "Simama mstari wa mwisho. Na kuanzia Jumatatu, wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti."

Dada akamtazama. Halafu wakacheka, wote wawili, mpaka kofia ikaanguka sakafuni, na kidole kwenye kinanda kikapotea njia kikaanza upya. Walipotulia dada alivuta pumzi, akauimba ubeti wa kwanza kwa sauti ya pili, taratibu, kama alivyoijua siku zote. Akafika kwenye swali, akafumba mdomo, akangoja ajibiwe.